Watu Waliotembea Miguu Juu

Wiki iliyopita nilifungua saa ya ukutani iliyokuwa imesimama, nikakuta betri imevuja. Ute mweupe ulikuwa umegandia kwenye vyuma, na harufu yake, ile harufu kali ya chumvi na kutu, ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Mjukuu wangu alidhani nimejikata. Sikujikata. Nilikuwa nimerudi Isiolo, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu kando ya barabara ya kwenda Marsabit, mama akiwa ametoka kuzikwa na mimi nikiwa mkubwa wa nyumba kabla sijamaliza kuwa mtoto.

Tulikuwa watatu. Baada yangu alikuja Yusuf, aliyekuwa ameingia kidato cha kwanza, na mwisho Hodan, ambaye alikuwa hajaanza shule. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia sukari na unga, akaelekea Marsabit, lori likapinduka njiani, na akazikwa huko kabla habari hazijatufikia. Hatukuona kaburi. Tulichokuwa nacho ni kwamba alitoka, na hakurudi. Kisha mama akaanza kukohoa, kikohozi kilichochukua miaka, nami nikaacha shule nikiwa darasa la saba ili nimwangalie. Hakuna aliyeniambia niache. Siku moja sikwenda, na kesho yake pia.

Lazima nieleze kile chumba, kwa sababu yote yalitokea humo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na uso wake ulipakwa chokaa. Baadaye baba aliongeza chumba mbele yake, upande wa barabara, kwa mabati ya mtumba yaliyotoka kwenye ghala la zamani. Kwa hiyo ukuta wa nyuma wa chumba hicho ulikuwa ule uso wa zamani wa nyumba, mweupe, na ukuta wa mbele ulikuwa mabati yenye matundu ya misumari ya wenyewe wa kwanza. Baba aliyaziba yote kwa lami. Mama alipozidiwa tulimlaza humo ili kikohozi chake kisitufikie sisi, na dirisha tukalifunga kwa mbao na gunia, maana mwanga ulimuumiza macho. Alifia humo, kwenye giza na joto la mabati.

Matanga yalipokwisha, adeer akatuita. Adeer ni neno letu la baba mdogo. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi huko Garbatulla, mtu mnene wa sauti kubwa, na hakuwa mtu mbaya. Alikaa juu ya gunia la unga, akatutazama kama anavyotazama mifugo ya kununua.

"Yusuf ni mwanamume, ataendelea na shule, hata akilala msikitini," alisema. "Wewe karibu utaolewa. Lakini huyu mdogo nani atamlea? Upepo?"

"Mimi, adeer."

"Wewe! Na wewe unalelewa na nani?"

"Nimemlea tangu mama aanze kukohoa. Muulize anakula kwa mkono wa nani."

Adeer akacheka kwa pua. "Huo ni mdomo wa baba yako, Mungu amrehemu. Haya, sikiliza. Ninaondoka, nitarudi mvua zikikatika. Nikimkuta huyu ana mwili na anacheza na wenzake, nitawaacha pamoja kama mlivyo. Nikimkuta amekonda, nampandisha lori twende naye Garbatulla siku hiyo hiyo. Na usinililie."

"Sitalia," nilimwambia.

Nilikuwa na kazi moja basi: Hodan awe na mwili na acheze. Nilidhani ni kazi ya chakula. Alfajiri nilikwenda kupokea maziwa ya ngamia kwa wanawake waliotoka nayo malishoni, nikayauza sokoni, na jua lilipopanda nikarudi kupitia mlango wa nyuma na unga na mafuta. Lakini Hodan hakula. Nilimkuta kila mara kwenye chumba cha mbele, ameketi gizani pale mama alipolala, mgongo kwa mabati na uso kwa ukuta mweupe.

Siku ya kwanza nilidhani anamlilia mama. Nilipoinama kumnyanyua alinishika mkono. "Nyamaza, Abaayo," akanong'ona. Abaayo ni dada. Hakuniita kwa jina lingine. "Wanapita."

Nikatazama. Kwenye chokaa, katikati ya giza, watu walikuwa wanatembea kichwa chini miguu juu.

Hawakuwa vivuli. Walikuwa na rangi, hafifu kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kulikuwa na mwanamke na kilemba chekundu, punda aliyebeba madumu, mzee na fimbo yake. Miguu yao ilikanyaga juu, vichwa vyao vilining'inia chini kuelekea sakafu, nao hawakuanguka wala hawakutoa sauti.

"Ni wale waliozikwa," Hodan alisema. Alisema bila woga wowote, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka mwisho. "Sisi tunakanyaga huku juu ya ardhi, wao wanakanyaga upande wa chini. Ndiyo maana wako hivyo. Hooyo atapita. Bado yuko mbali, amezikwa juzi tu."

Hooyo ni mama. Ningemwambia nini? Nilikuwa msichana aliyeishia darasa la saba. Na kuna jambo lililonifunga mdomo kuliko maneno yake. Nikiwa bado nimesimama pale, lori lilinguruma nyuma ya mgongo wangu, barabarani, likielekea kushoto, njia ya Marsabit. Wakati huo huo, ukutani, lori lilitokea, magurudumu juu, likaenda kulia. Lori letu lilikwenda. Lori lao lilikuwa linarudi.

Niliketi karibu na Hodan. Nilitazama mpaka chakula kikaungua.

Ninyi wa umri wangu mtanielewa. Sisi hatukulelewa na maelezo. Mtu alikufa, tukaambiwa tusipige kelele, wakubwa wakaenda makaburini na kurudi, chai ikapikwa. Yaliyobaki kila mtoto alijitengenezea mwenyewe kwa vipande alivyovipata. Hodan alijua kwamba mama amewekwa chini ya ardhi, na alijua kwamba hao wa ukutani walianza kuonekana baada ya mama kufa, kabla ya hapo hawakuwapo. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ilikosa tu kitu kimoja ambacho hata mimi sikukijua: kwamba katika lile joto kipande kimoja cha lami cha baba kilikuwa kimelainika na kuanguka, na tundu moja la msumari likabaki wazi.

Watu wa ukutani walipita asubuhi tu. Mchana walififia, na alasiri ukuta ulikuwa mtupu. "Wanalala," Hodan alisema. Hapo ndipo alipokubali kula, matonge machache, kisha akangoja kuche.

Alianza kukonda. Mifupa ya mabega ilitokeza. Jirani yetu Mama Kinya, Mmeru aliyeuza miraa kwenye kona, ndiye aliyemtazamia nikiwa sokoni, na siku moja aliningoja mlangoni na mikono kiunoni.

"Wee msichana, huyu mtoto ako na nini? Anaongea na ukuta. Nimemletea ndizi, ananiambia nisimame kando, ati nimeziba mtu. Mtu gani?"

"Ni mchezo tu, Mama Kinya."

"Mchezo gani bila wenzake? Watoto hapa nje wanamwita bibi ya giza. Na wazee wenu huko msikitini nimesikia wameanza kusema ni pepo. Mimi ni mtu wa kanisa, sijui mambo yenu, lakini najua lori za mbuzi zinatoka hapa kila siku ya soko. Hiyo maneno itafika Garbatulla kabla ya mvua."

Nilimwambia Yusuf yote jioni ile, jikoni, ila lile lori. Yusuf alitoka na mapambazuko kwenda shule na kurudi ukuta ukiwa mtupu, na siku zisizo za shule alibeba mizigo sokoni, kwa hiyo alikuwa hajaona lolote. Alinisikiliza huku akichezea redio ya baba, ambayo ilikuwa kimya tangu msiba. Alikuwa ameifungua mgongo.

"Tumtoe nje na hii," alisema. "Akisikia muziki atatoka."

"Haina nguvu."

"Betri zimechoka tu. Tutazianika."

Nani kati yetu hakuanika betri? Enzi zile tuliziponda kidogo kwa jiwe, tukaziweka juani kama nafaka, na ile harufu ya chumvi na kutu ikabaki vidoleni. Nilimuuliza Yusuf kama ni kweli jua linaingiza umeme ndani, akasema mwalimu wake wa fizikia amewacheka sana kwa hilo. Ndani ya betri mna dawa, zinki inaliwa polepole, na kule kuliwa ndiko kunakosukuma umeme. Jua haliongezi kitu. Linaipasha tu dawa iliyobaki ifanye kazi yake ya mwisho.

Kisha akanionyesha ndani ya redio vidude vidogo vyeusi, kila kimoja na miguu mitatu. "Hizi ndizo transista. Waya wa shaba unapitisha umeme, si ndiyo? Mpira unakataa. Sasa kuna vitu vya katikati, vinaitwa semikondakta. Peke yake kinakataa karibu kabisa. Lakini ukikipa umeme kidogo sana kwenye mguu mmoja, kinaachilia mwingi upite kwa ile miguu mingine."

"Ni kama adeer," nilisema. "Mpe kikombe cha chai, anafungua zizi lote."

Yusuf alicheka mpaka akaangusha bisibisi. "Nitamwambia mwalimu! Jana alinigonga kichwa akasema hapa hapapitishi kitu, ni mpira mtupu."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya nyumba ile tangu msiba. Lakini baadaye, nikiosha sufuria, lile neno halikuniacha. Kitu kidogo kinachofungulia kikubwa. Nilijiuliza kitu hicho kwa Hodan ni kipi.

Kesho yake nilimpa kazi ya kulinda betri nje, mbuzi wasizilambe. Alikubali kwa shingo upande, akaketi kwenye mkeka, akigeuka kila mara kuutazama mlango. Yusuf alipozirudisha redioni na kuiwasha, sauti ya mtu ikaja, kisha wimbo wa taarabu, na nikaona kidole cha mguu wa Hodan kinapiga. Watoto wa jirani walisogea. Kwa muda ule, akilini, nilimwona adeer akija, akitazama, akiondoka zake peke yake. Kisha wimbo ukaanza kwenda mbali, ukawa kama unatoka ndani ya mtungi, ukanyamaza.

Hodan aliitazama redio. "Nayo imekufa," alisema. "Kesho itakuwa ukutani." Akainuka, akarudi ndani.

Mvua zilikuja, zikaanza kukatika. Hodan alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimbeba kwa mkono mmoja. Ndipo siku moja Yusuf akaja kutoka shule akikimbia, amebeba mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia.

"Abaayo! Ukuta wetu umo kwenye somo la fizikia!"

Mkebe ulikuwa umetobolewa tundu moja la msumari chini, na mdomo wake umefunikwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Alinifunika kichwa kwa gunia, akaniambia niuelekeze mkebe kwenye mlango wa Mama Kinya. Juu ya karatasi, mdogo kama ukucha, Mama Kinya alikuwa amekaa kichwa chini, anafunga miraa.

"Mwanga unakwenda moja kwa moja," Yusuf alisema, akihema. "Haupindi kona. Ule unaotoka kichwani mwake unashuka, unapita tunduni, unaishia chini. Ule wa miguuni unapanda, unaishia juu. Ndiyo maana wamepinduka. Hao wa ukutani ni watu wa barabarani! Asubuhi jua liko nyuma ya nyumba yetu, linawapiga usoni. Alasiri linakuwa nyuma yao, upande wao wa kwetu una kivuli, hatuwaoni. Hakuna anayelala."

Nilikuwa ningali chini ya gunia. "Na lile lori?"

"Lori gani?"

"Linalorudi. La barabarani likienda Marsabit, la ukutani linarudi."

Yusuf aligeuza kiganja chake juu chini. "Juu kunakuwa chini, kulia kunakuwa kushoto. Ni lori lile lile, Abaayo. Linakwenda tu."

Nilikaa chini ya lile gunia kwa muda. Yusuf alidhani ninamtazama Mama Kinya.

Hodan hakuamini maneno. Alimwambia Yusuf kwamba mkebe ni mkebe na ukuta ni ukuta. Tukakubaliana kwamba lazima aone. Siku isiyo ya shule, jua likiwa zuri, Yusuf angekaa naye gizani, nami ningetoka nje, nisimame ng'ambo ya barabara mbele ya tundu, niinue mkono. Yusuf angemwambia: huyo ni Abaayo. Akitaka, nitainua mkono wa pili, au mguu. Angejua kwamba ni watu hai.

Nilitoka. Msichana wa kwetu hakutoka barabarani bila kujifunika, kwa hiyo nilivaa garbasaar, ule mtandio mpana wa mabegani, wa manjano. Ulikuwa wa mama. Nguo zake nyingine zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi, lakini wanawake waliomwosha waliniachia huo, wakisema sasa mimi ndiye mwanamke wa nyumba. Nilikuwa nikiuvaa alfajiri Hodan akiwa amelala, na nikirudi niliuvua jikoni. Hakuwa ameniona nao hata mara moja.

Nilisimama kwenye jua. Niliinua mkono.

"Hooyo!"

Sauti ilitoka ndani ya mabati na kuyatikisa. Sikuwahi kusikia sauti ile kwake, hata siku ya mazishi. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Hodan akatoka mbio, macho yamefumba nusu kwa mwanga, mikono mbele, akakata barabara bila kutazama. Mwenye punda alimpigia kelele. Alifika kwangu, akashika ule mtandio kwa mikono yote miwili, akainua uso.

Hakulia.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Akauachia mtandio. Alirudi ndani mwenyewe, nami nikamfuata. Yusuf alikuwa amesimama kando ya bati, uso umemsawijika. "Ziba," Hodan alimwambia. Yusuf akaziba tundu kwa kidole. Ukuta ukawa mweusi. "Fungua." Watu wakarudi. "Ziba. Fungua." Kisha akauliza, "Wote?"

"Wote ni watu wa barabarani," Yusuf alisema. "Yule mwenye punda ni muuza maji. Umemwona sasa hivi."

"Na hooyo alipita lini?"

Yusuf alinitazama mimi. Nilimjibu mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Hajapita, Hodan."

Akaitikia kwa kichwa. Mchana ule alikula sahani nzima, akaomba nyingine.

Kuanzia siku hiyo hakuingia tena chumba cha mbele. Aliamka, akanawa, akala alichopewa, akaenda kucheza na watoto wa Mama Kinya. Mashavu yakarudi. Alikuwa mtiifu kuliko alivyowahi kuwa. Usiku hakuuliza kitu. Mama Kinya alisema Mungu ametenda. Mimi nilihesabu mifupa ya mabega yake ikizama chini ya nyama, moja moja, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyebeba mzigo mzito na sasa anaona mlango.

Adeer alikuja siku ya soko. Alimshika Hodan mikono, akampima uzito kwa kumnyanyua, akamrusha juu kidogo. "Huyu ni nani?" alinguruma. "Mmenibadilishia mtoto! Mimi nilikuja kuchukua kijiti." Alikunywa chai yetu, akamuuliza Yusuf maswali ya shule, akanigeukia. Aliongea kwa sauti ya chini ambayo sikuijua.

"Umefanya kazi ya mtu mzima. Ahadi ni ahadi. Kaeni pamoja."

Nilimbusu mkono. Sikulia, kama nilivyomwambia.

Lori la mbuzi lilikuwa tayari limepakiwa, linanguruma mbele ya nyumba. Tulitoka kumsindikiza. Adeer alipopanda na kukaa juu ya turubai, Hodan akaachia mkono wangu. Alikuwa amevaa viatu. Sikujua alivivaa saa ngapi. Kwapani alikuwa na nguo zake mbili, amezikunja vizuri, kama nilivyomfundisha.

"Adeer, na mimi," alisema.

Adeer aliinama kutoka juu. "Wewe si unabaki? Dada yako ameshinda, binti. Amekupata."

"Nataka kwenda."

Nilichutama mbele yake barabarani. Nilimuuliza kama kuna aliyempiga, kama kuna aliyemtukana, kama ni chakula. Alitikisa kichwa kwa kila swali.

"Basi ni nini?"

"Huku hakuna mtu wa kungoja," alisema.

"Na mimi?"

Alinitazama kwa upole, kama mkubwa anayemweleza mtoto jambo jepesi.

"Wewe ni Abaayo."

Dereva alipiga honi. Adeer alikuwa ananitazama, akingoja niseme, na najua kwamba ningekataa angetii. Yusuf alinishika bega. Gurudumu la lori lilikuwa juu, na miguu ya Hodan haikufika, kwa hiyo nilimnyanyua mimi mwenyewe. Alikuwa mzito. Alikuwa na mwili mzuri, wa mtoto aliyelishwa, na ilinibidi nitumie mikono yote miwili.